Kizibo cha Wifi

Wivu wa Bi Giza haukuanzia kwenye nyota, msidanganyike. Ulianzia kwenye karakana ya vioo vya darubini, siku alipomleta wifi yake pale kwa mkono wake mwenyewe, akamwombea kazi na kumtafutia hadi kiti cha kukalia. "Mchukueni mke wa mdogo wangu," alimwambia mkuu wa karakana, "ana hesabu kichwani na anakaa bure nyumbani." Jamani, mdomo huponza kichwa!

Jina la Bi Giza halikutokana na sura yake. Kazi yake ilikuwa kutengeneza giza. Nyota ni kali, na sayari inayoizunguka ni hafifu mno, humezwa na ule mwanga. Ni kama kutaka kumwona mtu aliyesimama kando ya taa ya gari inayokumulika usoni. Unafanyaje? Unaikinga taa kwa kiganja, mtu unamwona. Kiganja cha Bi Giza kilikuwa kioo kidogo, upana wa kifungo cha shati, chenye doa jeusi katikati, na ukingo wa doa hilo aliuchora kwa hesabu za miaka ili mwanga usivuje. Pale karakana walikiita kizibo. Kikishaingizwa ndani ya darubini kubwa kule mlimani, nyota inazimwa na sayari inajitokeza.

Vizibo vyake viwili vya kwanza havikufika mlimani. Mradi mmoja ulifutwa, mwingine ukaahirishwa mpaka ukasahauliwa. Hiki cha tatu kilikuwa cha mwisho, maana mwakani anastaafu, na darubini ilikuwa na nafasi ya kizibo kimoja tu. Hapo ndipo wifi naye, bila kupepesa macho, akachora cha kwake.

"Wifi, hebu niangalizie ukingo huu," alikuwa akisema, na tabasamu lake lile. Bi Giza anainama, anaona mchoro wa ajabu, roho inamuuma mpaka mbavuni. "Si mbaya," anajibu. Si mbaya! Na chakula cha mchana siku hiyo kilimshinda.

Nyumbani nako hakukuwa na nafuu. Mdogo wake, yule aliyemlea kwa kumbeba mgongoni, kila akija ni mke wangu hivi, mke wangu vile. "Dada, mke wangu anasema bila wewe asingejua kitu." Asante ya punda, alijisemea Bi Giza huku akimmiminia chai, ni mateke.

Siku moja kabla ya majaribio, vioo vilikaguliwa. Pale mtu hakagui kazi yake mwenyewe, kwa kuwa nyani haoni kundule. Wifi alikikagua cha Bi Giza kwa hadubini, akasema kiko salama. Ikawa zamu ya Bi Giza. Akaweka jicho, na moyo ukamruka: pembeni kabisa mwa doa jeusi palikuwa na chembe ya vumbi. Vumbi hapo, mwanga utavuja. Lilikuwa jambo la kupulizia hewa tu, liishe. Bi Giza aliinua kichwa, akamtazama wifi yake anavyosubiri kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Kiko safi, wifi," akasema.

Kesho yake wakakusanyika kwenye chumba kirefu kisicho na dirisha. Upande mmoja taa kali ndiyo nyota. Kando yake mkuu alikuwa ameficha kitaa dhaifu, ndiyo sayari, na mahali pake alipajua yeye peke yake. Kizibo cha Bi Giza kikaingia kwanza. Kwenye skrini nyota ikafifia, ukabaki utando wa mwanga, na ndani yake nukta ya kubahatisha. Wakapiga makofi ya heshima. Kikaingia cha wifi. Giza tupu, giza zito, na upande wa kushoto nukta moja imekaa peke yake, inaonekana hata bila miwani.

"Ehee!" mkuu akasimama. "Mmeiona?"

"Hiyo si sayari!" Bi Giza alipiga kelele kabla hajajizuia. "Ni vumbi! Liko ukingoni, nililiona jana kwa macho yangu!"

Mkuu akageuka taratibu.

"Uliliona jana," akasema. "Na jana ulituambia nini?"

Bi Giza akaigeukia skrini.

Wifi ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Tukizungushe basi." Wakakizungusha kile kizibo. Vumbi lingezunguka pamoja nacho, nukta haikutikisika. Ilikuwa sayari, tena pale pale mkuu alipoificha.

"Ile chembe ni ya hadubini, wifi," akaendelea, macho chini. "Hata kwenye kioo chako niliiona. Nikakizungusha kama ulivyonifundisha, chembe ikabaki mahali pake, nikajua iko kwenye lenzi. Nilitaka kuifuta, nikapitiwa."

Bi Giza, aliyewafundisha wote pale kuzungusha kwanza ndipo useme, jana hakuzungusha. Angezungusha vipi, na chembe ilikuwa imemfurahisha hivyo?

Uamuzi haukuhitaji kikao. Jioni kizibo cha wifi kilisubiri kufungwa kwenye sanduku la safari ya mlimani. Wifi akaja akasimama mezani pa Bi Giza. "Nifungie wewe," akasema. "Kazi yangu siikagui mwenyewe, na mkono wa mtu mwingine siuamini."

Afadhali angemtukana! Tusi angelijibu. Bi Giza alivaa glavu, akakichukua kile kioo, na wivu ulikuwa bado upo, haukupungua hata kidogo. Kilikuwa kizuri na hakikuwa chake. Macho yakaanza kujaa. Akakirudisha upesi kwenye kikasha chake, akaenda kusimama pembeni akitazama ukuta, akalia mpaka machozi yakaisha, maana yana chumvi na chumvi huharibu kioo. Akanawa uso, akavaa glavu mpya.

Akaifuta lenzi ya hadubini, akaweka kizibo, akaangalia. Akakizungusha mzunguko mzima, polepole, halafu tena.

"Kiko safi, wifi," akasema.