Pole za Wifi Yangu

Wifi yangu si mchawi. Kosa lake, pale anapopima majani chai kwenye kituo cha Nyacheki, ni kuwapa watu pole siku ambayo wao wenyewe wameisahau. "Pole, Obwocha, leo mamako ametimiza miaka tisa kaburini," alisema, vidole vyake vyeusi kwa utomvu vikitikisa gunia. Obwocha akatangaza sokoni kwamba anayejua tarehe ya kifo ndiye aliyekileta. Lakini wifi hasahau siku yoyote aliyoiishi. Watafiti waliosikia habari zake walimpiga picha za ubongo, wakamwonyesha sehemu za kuona zikiwaka alipomkumbuka mwanawe aliyefariki, kana kwamba anamzika wakati huo huo. Akaweka kidole gumba juu ya picha.

"Daktari, hapa hapawezi kuzimwa?"

"Hapana, mama."

Enyi mnaotishia kumchomea nyumba, hiyo ndiyo siri yake yote. Sisemi zaidi.