Pamba ya Kidoleni

Miaka michache kabla ya uhuru nilikuwa mpimaji wa damu katika spitali ndogo ya serikali, upande wa mashariki wa Pemba. Nilikuwa na darubini moja, nayo ilinitia jeuri.

Watu wetu walipenda kupimwa kuliko kutibiwa. Mtu akiugua, majirani waliokuja kumjulia hali walimtazama kidole kwanza. Kikiwa na pamba, roho ziliwatulia: kapimwa huyo. Kisipokuwa nayo, ilikuwa kama hajafika spitali, hata akiwa na chupa mbili za dawa mkononi. Basi walinijia wa homa, wa kisigino, hata mmoja aliyegombana na mkewe akataka ijulikane damu ya nani ndiyo mbaya.

Siku moja daktari, mgeni kutoka ng'ambo, akasema basi. Vioo na rangi ya kupimia vinaletwa kwa meli, na serikali imechoka kugharimia vidole vizima. Nipime wale tu aliowaandikia yeye. Nilijaribu wiki moja. Wazee walininyima salamu msikitini, na bibi mmoja alikaa kizingitini hadi adhuhuri, akiapa haondoki bila kutobolewa. Kukata matumizi kwa kalamu ni rahisi. Mwenye kalamu hakai mlangoni na watu wale.

Ndipo nikajiona mjanja. Kila aliyetaka nilimtoboa, nikafuta tone, nikamfunga pamba. Kisha niliingia ndani, nikahesabu mpaka ishirini, nikatoka na kusema, "Hamna kitu." Vioo havikuguswa. Watu wakaridhika, daktari akanisifu. Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilichukua karibu mwaka, nikishukuriwa njia nzima.

Shangazi yangu, dada wa baba, ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki; alikuwa mkulima wa mpunga. Miaka yote alishinda miguu mitupu kwenye matope ya bonde. Alikuja Alhamisi moja akihema.

"Moyo wanenda mbio, mwanangu. Hata kutoka kisimani na ndoo siwezi. Hebu n'pime."

Daktari hakuwa amemwandikia. Nikamtoboa kama wengine. Tone lilitoka hafifu, rangi ya chai iliyotiwa maji. Nililiona. Nilijiambia nitamtajia daktari jioni, lakini foleni ilikuwa ndefu nikasahau. Niliingia ndani, nikahesabu, nikatoka.

"Hamna kitu, shangazi."

Akaniombea dua, akaenda zake.

Baadaye nilisikia kuwa miguu ilianza kumvimba, na wanawe wakataka kumpeleka hospitali kubwa Chake Chake. Alikataa. Aliwanyooshea kidole kile akasema, "Miye n'shapimwa, tena na mwanangu mwenyewe."

Walipomleta hatimaye alikuwa amebebwa kitandani. Daktari alimfunua kope la jicho tu, wala hakuulizia darubini. Safura, minyoo ya matopeni, ilikuwa imemnyonya damu miaka mingi; dawa yake ilikuwa kabatini mwetu siku zote. Alifariki kabla ya alasiri.

Siku ya matanga, binti yake alinishika mikono miwili. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Hatuna la kujilaumu, kaka," aliniambia mbele ya watu. "Mama alipimwa."

Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Watu wote walikuwa wananitazama.

"Ndiyo, dada," nikasema. "Alipimwa."