Mkate wa Bwana Shamba

Kamwene, habari zenu jamani, leo nimechoka hadi ulimi.

Bwana Shamba, yule mzungu ninayemfanyia kazi, kanituma nimpeleke nyoka wake wa kufuga Makambako.
"Baridi ikimuua, kazi huna."

Nikamfunga kwenye mfuko wa kitambaa, nikamlaza sandukuni pamoja na chupa ya maji moto.

Ndani ya lori, mama mmoja wa Uwemba, akitetemeka kwa baridi, akagusa sanduku.
"Mwanangu, mbona lina joto? Umebeba nini?"

Ningesema nyoka, lori zima lingeruka chini.
Nikasema mkate.

Akalikumbatia safari nzima. Maji yalishapoa zamani. Joto lililobaki lilikuwa la mwili wa mama.

Tumeshuka Makambako. Nimegusa sanduku, nyoka anajisogeza. Mzima!

Mama hajaliachia.
"Basi nimegee kipande, mwanangu, hata cha pembeni."

Nimjibu nini, jamani?