Migomba Tisa ya Maman Nsimire

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninapokuona umekaa hapo na nyuzi za mgomba mapajani, unasuka mfuko na kujisifu kwamba kazi yako haimdhuru mtu. Jisifu, sikukatazi. Mimi mwenyewe nimechoka kuona sashe za plastiki zikielea ziwani na kuziba mifereji yote ya mtaa wetu wa Kadutu. Lakini weka kazi chini kidogo unisikilize. Nitakueleza jambo ambalo hata wanangu wa tumbo sijawahi kuwaeleza lote.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Vita vya pili vya Kongo vilikuwa vimetubana pale Bukavu. Baba alikuwa mwalimu asiyelipwa, na chakula kikawa cha kubahatisha. Mama akanituma kijijini Nyangezi, kule milimani, kwa dada yake. Tulimwita maman mukubwa, na hakuwa mtu wa kubembeleza, heri ujue mapema. Yeye ndiye aliyenifundisha kusuka mifuko. Alikuwa na sharti moja tu: nyuzi zitoke kwenye mgomba uliokwisha kuzaa, ambao mkungu umeshakatwa na shina lingeozea tu shambani. Mgomba ambao haujazaa haukuguswa. Nyuzi za shina lililokomaa ni ngumu, na rangi yake ni kama ya chai. Unazikwangua kwa kisu butu mpaka kiganja kinatoa malengelenge. Sikuipenda kazi hiyo hata kidogo.

Nikapeleka mifuko mjini. Mama mmoja Mzungu aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la misaada aliigeuzageuza, akaisifu kwa kuwa haikuwa na plastiki, kisha akauliza kama ningeweza kumletea mingine kumi na miwili iliyo myeupe. Nikakubali kabla hajamaliza kuuliza. Nilijua weupe unapatikana ndani ya mgomba mchanga. Sisi migomba michanga hatukuwa nayo. Jirani yetu maman Nsimire alikuwa nayo.

Huyu maman Nsimire mumewe alichukuliwa na wenye bunduki awabebee mizigo, na hakurudi tena. Baadaye mbuzi wakachukuliwa, kuku wakachukuliwa, maharage yakavunwa na watu wasioyapanda. Akabaki na watoto watatu na ile migomba nyuma ya nyumba, kwa sababu mgomba usio na mkungu hauna cha kumpa mwizi mwenye njaa. Hicho ndicho kilikuwa chakula chake cha miezi iliyokuwa inakuja. Nilijua haya yote, mwanangu. Usije ukafikiri sikujua.

Wiki hiyo maman mukubwa alikuwa amekwenda Bukavu kumwuguza mama. Jumapili, watu wote wakiwa misani, mimi nilisingizia kuumwa tumbo. Nikachukua panga, nikaiangusha migomba tisa, nikatoa sehemu za ndani na kukimbia nazo mtoni. Nyuzi zilitoka laini, nyeupe, hazikunisumbua hata kidogo. Nikafurahi. Naona aibu kukuambia hivyo, lakini nilifurahi.

Aliporudi kutoka kanisani maman Nsimire alipiga kelele, na kijiji kizima kikakusanyika. Mimi pia nilikwenda. Nilikuwa nimejiandaa kuulizwa, lakini hakuna aliyeniuliza. Wazee waliyatazama yale mashina, wakatikisa vichwa, wakasema ni askari, wamekata ili wajenge vibanda vyao karibu hapa. Wote wakaitikia. Miaka ile kila baya lilikuwa na mtu wa kubebeshwa, hukuwa na haja hata ya kudanganya. Nilikaa kimya tu, uongo ukajisemea wenyewe.

Siku tatu baadaye nilimkuta maman Nsimire uani akifunga mizigo. Nikamuuliza anakwenda wapi.

"Naenda Luvungi, kwa kaka yangu," akasema. "Basoda balifika mpaka nyuma ya nyumba yangu, Neema, na sikusikia kitu. Batarudia. Na huyu Furaha wangu iko na miaka kumi na tatu. Unaona vile banafanyaka babinti?"

Furaha alikuwa amesimama pale pale akimfunga kitambaa mdogo wake wa mwisho, Baraka, mtoto wa miaka minne. Neno lilikuwa mdomoni mwangu. Lilikuwa neno fupi, ni mimi, na lingetosha. Badala yake nilirudi nyumbani mbio, nikachukua mfuko mmoja mweupe niliokuwa nimeumaliza, nikampa atie nguo za watoto. Nilidhani moyo ungetulia. Akaushika kwa mikono miwili.

"Asante, mutoto yangu," akaniambia. "Mungu akulinde."

Maman mukubwa alirudi wiki ile ile. Aliona mifuko miwili mingine chini ya kitanda changu, akachomoa uzi mmoja, akausugua kati ya vidole. Hakupaza sauti. Laiti angepaza.

"Hii mugomba haikuzala bado," akasema. "Ulikata kwa maman Nsimire."

Nikaanza kusema kwamba kijiji kizima kilisema ni askari.

"Basoda habasukake mifuko, Neema. Ile maman iko wapi?"

Nilipomwambia kwamba ameshuka Luvungi na watoto, alikaa chini. Sisi watu wa milimani tunaijua homa ya mbu ya kule bondeni Luvungi. Mtoto aliyezaliwa kwenye baridi ya Nyangezi hana kinga nayo. Akaniambia twende tumwambie arudi nyumbani, kwamba hakuna askari aliyekanyaga uwanja wake. Lakini barabara ilikuwa imefungwa kwa mapigano. Tulingoja, na kila asubuhi maman mukubwa alikwenda kuuliza wapita njia, hadi wiki ya tatu ndipo tukapita, kwa miguu, na mguu wake mmoja ulikuwa mbovu.

Tulimkuta maman Nsimire amekaa nje ya nyumba ya kaka yake. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa. Furaha alikuwa kando yake, na wa pili alikuwa akipepeta mchele. Nikamtafuta wa tatu kwa macho, kisha nikaelewa. Homa ilikuwa imemwondoa Baraka siku nne kabla hatujafika.

Maman mukubwa alinisukuma mbele. Nilipiga magoti nikasema yote, migomba, misa, panga, mfuko. Maman Nsimire alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ni weye?"

"Ni miye, maman."

Nilitaka anipige. Ningeshukuru kama angenipiga.

"Kama ulisema tu ile siku," akasema, "ningekugombeza, ningelia, na ningebakia kwangu. Mugomba inachipukaka tena."

Akanyanyuka, akawashika wanawe wawili mikono, akaingia nao ndani.

Basi sikiliza, mwanangu. Usikate kinachokua ili upate uzuri wa haraka, hata kama watu watausifu mfuko wako kwa kuwa hauna plastiki. Mfuko hauwi safi kwa sababu umetoka kwenye mmea. Uliza mmea huo ulikuwa wa nani, na alikuwa anautegemea kwa kitu gani. Na ukishakosea, sema siku ile ile. Uovu wa wengine usiufanye maficho yako, hata kama wana dhambi nyingi kiasi kwamba moja zaidi haitaonekana. Mimi niliiba migomba tisa, ningeweza kuilipa. Ukimya wangu sijaweza kuulipa mpaka leo.

Mungu akupe mikono yenye afya na kazi ya kuishughulisha. Akupe majirani wanaokaa kwao kwa amani. Na siku utakapowakosea, akupe nguvu ya kubisha hodi kabla hawajafunga mizigo.