Maji Yaliyokuwa Kwenye Grafu Tu

Ipo siku ambayo nikiikumbuka, Mutheu mwanangu, chai yangu hupoa mezani. Jana uliponionyesha kwenye simu ile grafu ya kazi yako mpya ya Konza, ukaniambia, "Anti, ona vile laini imepita kwa kila nukta," nilikurudishia simu. Ulidhani sikuelewa. Nilielewa sana.

Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuoni na cheti cha maji, na kiburi changu kilikuwa kizito kuliko hicho cheti. Mradi mmoja ulinipeleka karibu na Kithyoko kusimamia silanga ya kijiji, lile bwawa la udongo ambalo watu na mifugo huishi nalo mpaka mvua ya mwisho wa mwaka. Katikati ya maji kulikuwa na nguzo yenye alama za sentimita. Kazi yangu ilikuwa kusoma alama, kisha kuwaambia watu maji yamebaki kiasi gani.

Alama chache tulijua hakika zina maji kiasi gani, kwa maana tuliipima silanga ikiwa kavu. Nikaziingiza hizo namba kwenye lahajedwali, nikachora grafu, nikaongeza mstari wa mwelekeo, ule wa polinomia unaopinda. Ulipendeza, sikufichi. Nikaiambia kompyuta inionyeshe mlinganyo wake, ukatokea pale juu ya grafu, nikaunakili kwenye daftari langu. Kuanzia hapo nikawa nahesabu maji kwa huo mlinganyo wa daftarini.

Kiangazi kilipokaza, naibu wa chifu aliita baraza kwenye uwanja wa kanisa. Nikasimama na karatasi yangu nikasema maji yatatufikisha mvua. Watu walipiga makofi. Mzee Ndolo peke yake alibaki nyuma, akanifuata polepole.

"Mwiitu wakwa, binti yangu, niko na ng'ombe sita," alisema. "Ndugu yangu ako karibu na mto Tana. Nizipeleke sasa zikiwa na nguvu ya kutembea, ama nikae nazo?"

"Kaa nazo, Mzee. Hesabu iko sawa."

Nilimjibu nikiwa nakunja karatasi, hata usoni sikumtazama.

Maji yaliisha wiki nyingi kabla ya wingu la kwanza. Ikabaki tope, kisha tope likapasuka. Mzee Ndolo akatoka na ng'ombe wake kuelekea Tana, lakini sasa zilikuwa mifupa inayotembea. Zilianguka njiani moja baada ya nyingine. Alirudi na kamba mkononi.

Hapo ndipo nilirudi kwenye kompyuta. Mstari ulichorwa kwa namba kamili, ndiyo maana ulipita juu ya nukta zote. Lakini mlinganyo ulioandikwa pembeni ulikuwa umefupishwa. Namba ya kwanza, ndani ya kompyuta, ilikuwa nukta, sufuri tatu, moja, sita. Juu ya grafu iliandikwa nukta, sufuri tatu, mbili. Utasema ni kitu kidogo. Ila namba hiyo huzidishwa kwa kimo cha maji mara tatu, na siku ya baraza kimo kilikuwa sentimita mia tatu. Mia tatu mara mia tatu mara mia tatu ni milioni ishirini na saba. Hako kadogo kakazaa zaidi ya mita za ujazo elfu moja za maji, na hakuna ng'ombe angeweza kuyanywa.

Nilikwenda kwake nikamweleza yote, nikilia. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi nikinunua ng'ombe," alisema, "mwenyewe husema ako na maziwa mengi. Namwambia sawa, kamua nione. Hiyo hesabu yako uliikamua?"

Sikuwa nimeikamua. Alama zile tulizozipima kwa mikono yetu zilikuwa palepale, na sikuwahi kuuuliza mlinganyo hata moja kati yake. Ungenidanganya mchana kweupe, nami ningejua.

Mzee hakumwambia mtu. Kijiji kizima kiliamini ni ukame, na mimi, Mungu anisamehe, nilikiacha kiamini hivyo. Mwaka uliofuata Mzee Ndolo alifariki. Mzee wa rika lake huzikwa watu wakila nyama. Siku hiyo tulikula muthokoi mtupu, mahindi yaliyokobolewa bila kipande cha nyama. Binti yake alinipa sahani akanishukuru kwa kuja, na mimi nikala.

Kwa hiyo, mwanangu, usipende mstari kwa sababu unapendeza. Ukiutaka mlinganyo, ifungue ile lebo yake uongeze desimali mpaka namba zote zionekane, au uiachie kompyuta ikokotoe kwa namba zake yenyewe. Halafu chukua kitu kimoja unachokijua kwa hakika, uuulize. Mlinganyo ukikosea hicho, usiutoe nje ya ofisi. Na mtu akikuuliza afanye nini na alicho nacho, weka karatasi chini kwanza, umtazame usoni.

Mungu aibariki mikono yako, akupe watu wa kukuamini, na kila wakikuamini akutie hofu kidogo. Na ukipita Kithyoko, kaburi lake liko nyuma ya kanisa. Msalimie. Mimi sijaweza.