Tuta la Urefu Wangu

Harufu ya majivu yaliyomwagiwa maji hunisimamisha hadi leo. Juzi tu, hapa Kasulu ninapoishi, jirani yangu alikuwa anamwagilia vitunguu alivyovinyunyizia majivu ya jikoni ili wadudu wasisogee, nikaganda njiani na kikapu changu mpaka akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi. Ningemweleza vipi, na watu wanapita, kwamba harufu ile inanirudisha Mabamba, kwenye kitu ambacho nikiwa na miaka tisa niliamini kabisa ni kaburi langu?

Nyumbani kwetu ni Mabamba, karibu na mpaka. Wazazi wangu walivuka kutoka Burundi wakiwa watoto, wakakulia huku, wakapata uraia, wakalima mihogo na maharage kama watu wote. Baba alivuka na ndugu zake. Mama alivuka peke yake, na wale aliotoka nao nyumbani hakuwaona tena. Hilo hatukulizungumza. Lilikaa tu ndani ya nyumba pamoja nasi.

Kisha mdogo wetu wa mwisho akafa akiwa na siku nane. Tukamzika nyuma ya nyumba, penye migomba. Baada ya hapo mama akaanza kupakua chakula cha watu wengi. Tulikuwa wanne: yeye, baba, mimi na mdogo wangu Elia. Yeye alipanga sahani tisa. Alikaa akitazama mlangoni, akiwakaribisha kwa majina ambayo sikuwahi kuyasikia, na aliwaachia nafasi mkekani. Nakiri kwamba mara moja niliona mkeka umebonyea pasipokaliwa na mtu, na sitaki kubishana na yeyote kuhusu hilo.

Shangazi Perusi, dada mkubwa wa baba, alisema wifi yake ana mashetani. Alitaka apelekwe kwenye kambi moja ya maombi iliyokuwa mbali, ambako wagonjwa walifungwa kamba kwenye nguzo mpaka watulie. Baba akampeleka hospitalini Kibondo kwanza. Shangazi akakubali shingo upande, kwa sharti moja, na alilisema mbele yetu sote: akirudi kuharibika tena, hata mara moja, anakwenda kambini. Baba akasema sawa. Sikulala vizuri tangu siku hiyo, kwa sababu nilijua kamba inavyomkata mbuzi shingoni.

Mama alilazwa karibu miezi miwili. Aliporudi alikuwa amenenepa kidogo, anaongea polepole, ana vidonge kwenye mfuko wa karatasi, na pembe ya kanga yake imefungwa mbegu za vitunguu na mchicha. Nyuma ya wodi yao kulikuwa na bustani, akatuambia. Wagonjwa walilima kila asubuhi baada ya dawa, na nesi aliyewasimamia, Sista Domitila, alimwagiza akaendelee nyumbani. Baba alifurahi. Sahani zikarudi kuwa nne, na mimi nikaanza kucheka tena.

Halafu akatupima. Ilikuwa mchana, tumelala mkekani tukipumzika, mimi nikiwa nimefumba macho tu. Nikasikia kitu chembamba kinalazwa kando yangu, kutoka utosini hadi kisiginoni, halafu kisu kinakata tete. Nikabana pumzi. Akamfuata Elia, akafanya hivyo hivyo. Jioni nikamwona anachimba, tete likiwa limelazwa chini mbele ya jembe.

Kwetu tuta la kilimo ni refu, linatoka mwanzo wa shamba hadi mwisho. Udongo mfupi ulioinuliwa na kulainishwa juu kwa mikono tuliujua mmoja tu, ule wa penye migomba. Sasa pakawa na mingine minne mbele ya jiko: mmoja mrefu wa baba, mmoja wa mama, mmoja mdogo wa Elia, na mmoja ambao nilipousogelea na kusimama kando yake, nikaona ni urefu wangu kamili. Shangazi alipokuja kututembelea aliutazama ule mstari kwa muda, akasema, "Yohana, hii si bustani." Baba akajibu kwamba ni vitunguu, dada. Shangazi akasema hata penye migomba panaota majani.

Asubuhi ndizo zilizokuwa mbaya. Mwezi ule ukungu ulipanda kutoka bondeni ukafunika kila kitu hadi dirishani, na ndani ya ukungu nikasikia mama ananiita kwa sauti laini. "Yuditha. Umeamkaje, Yuditha?" Nikaitika kutoka kitandani. Hakunijibu. Nikachungulia mlangoni nikamwona amepiga magoti kwenye tuta langu, anaukandamiza udongo kwa kidole gumba kuzunguka kila mche, anausalimia. Kisha akahamia la Elia, akamsalimia naye. Alipoingia ndani akanikuta nimesimama, akanishika kichwa kama kawaida na kuniambia nikaoge. Kwa hiyo tulikuwa akina Yuditha wawili, na yule wa nje ndiye aliyesalimiwa kwanza.

Nikaugua malaria. Siku nne nilikuwa naona dari inashuka, na katika homa ile niliwaza jambo moja tu, kwamba pale nje pameshaandaliwa. Siku niliyoweza kusimama, mama na baba walikuwa wamekwenda Kibondo kufuata dawa za mwezi. Akili yangu ya miaka tisa ilipiga hesabu yake: pasipokuwa na tuta, hapana pa kunilaza. Nikang'oa kila kitunguu. Nikasawazisha tuta kwa jembe, nikalikanyaga kwa miguu mpaka pakawa uwanja kama pengine popote. Ile miche nikaitupa jalalani, nikanawa, nikajiona shujaa.

Walirudi saa kumi alasiri. Mama alikuja mbele, akafika kwenye matuta, akasimama. Aliyatazama yale matatu, akatazama pale pasipo na kitu. Akafungua kilemba, akakaa chini udongoni, akaanza kulia kilio ambacho kila mwanamke wa kwetu anakijua na hakilii bure. Alikuwa analitaja jina langu.

Nilikimbia nikasimama mbele yake. "Ndi hano, mama," nikasema, nipo hapa. Macho yake yalinipita. Nikamshika bega, akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mtoto wa watu, akaniuliza, "Wewe mtoto, hukumwona Yuditha wangu?"

Nimeshatishwa na mengi tangu hapo, lakini sijawahi kuogopa vile. Nilijigusa mikono. Majirani waliosikia kilio wakaanza kuja, mmoja akiwa na mzigo wa kuni kichwani, kama inavyotakiwa kwenye msiba. Aliponiona mimi niliyekuwa naliliwa nimesimama alirudi nyuma hatua mbili, kuni zikiwa bado kichwani. Shangazi naye akafika. Hakupandisha hata sauti. Akamwambia baba, "Kesho asubuhi. Ulikubali." Baba akainamisha kichwa, na nikajua mama yangu amefungwa kamba tayari, na aliyeifunga ni mimi.

Nikamvuta Elia. Nikaenda jalalani nikaokota miche yote, ilikuwa imelegea lakini mizizi ipo. Tete sikujua liko wapi. Basi nikajilaza chali pale pale nilipopasawazisha, mbele ya watu wote waliokuja kunililia, nikamwambia Elia achore mstari utosini na mwingine kisiginoni. Mwanamke mmoja aliziba macho yake. Udongo ulikuwa wa baridi na nilisikia kilio cha mama kikipita chini yake, kikinijia mgongoni. Nikainuka, nikalima. Nilipanda huku kamasi zikinitoka, kitunguu kimoja kimoja, na sijui ni saa ngapi baba aliweka ndoo ya maji kando yangu na majivu kwenye kopo.

Kilio kilikuwa kimekoma kabla sijatambua. Mama alikuwa amepiga magoti upande wa pili. Akaanza kukandamiza kwa kidole gumba, mche baada ya mche, mpaka mkono wake ukafika penye wangu. Akainua macho. "Yuditha," akasema, "umepanda karibu karibu mno. Na hebu ona nguo zako."

Shangazi alingoja hadi kiza kilipoanza kuingia, akamwangalia mama akinikemea na kunisugua miguu, kisha akachukua mwavuli wake akaenda zake. Ile habari ya kambi hakuirudia tena.

Nilikuwa mtu mzima, nimekwenda Kibondo kumchukulia mama dawa, ndipo nilipomuuliza Sista Domitila. Kule bustanini, alinieleza, kila mgonjwa alipewa kipande, na mama yangu alikuwa akihesabu matuta yake kwa marehemu: huyu mama, huyu kaka, huyu kichanga. Sista akamwambia hao umeshawahesabu inatosha, nyumbani kapande walio hai. Habari ya kupima kwa tete hakuijua, hiyo mama aliibuni mwenyewe. Nikamwambia kwamba kila msimu alitupima upya, akatuongezea tuta upana wa vidole viwili au vitatu, na mwaka nilioacha kurefuka alinipima mara tatu kwa wasiwasi. Sista akasema, "Si alikuwa anahakikisha? Wafu hawarefuki."

Nilirudi stendi nikakaa kwenye benchi, basi likaondoka bila mimi. Mwanamke yule alikuwa ameamka kila siku kwenye ukungu, na kichwa kilichomwambia kwamba watu wake wote wamekufa, akatoka nje kujithibitishia kwa mikono kwamba mimi nipo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kuona mtu akifanya. Na siku moja mtoto wake akachukua jembe, akamjibu kwamba hayupo.