Neno Alilolipasua Sada

Mwalimu Shufaa hakuruhusu kamusi katika darasa lake la Kiingereza. Mwanafunzi akikutana na neno gumu kwenye kitabu cha baiolojia au historia, sharti alipasue kwanza: kichwa, kiwiliwili, mkia.

"Kiswahili mnakipasua kila siku bila kujua," aliwaambia wanafunzi wake wa kidato cha nne pale Zinga. "Soma, someka, haisomeki. Na Waingereza ni hivyo hivyo: read, readable, unreadable. Kuna la ajabu hapo?"

Na kweli walisoma. Watoto waliozoea kuruka aya nzima wakaanza kuimaliza. Aliyewapita wote ni Sada, binti wa Kiwangwa, ambaye alipasua hata maneno ya kwenye maboksi ya sabuni, na kila jioni aliwafundisha wenzake waliobaki nyuma.

Sada alipomaliza shule, chuo kimoja cha Dar es Salaam kilitaka barua ya mwalimu wake. Shufaa akaiandika kwa Kiingereza, kwa moyo mkunjufu, akampa mkononi. Miezi miwili baadaye akasikia kwamba Sada hakuomba nafasi, yuko shambani kwa mama yake. Hakungoja kuambiwa mara ya pili. Akaenda Kiwangwa.

Alimkuta akivuna mananasi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Barua yangu uliipeleka wapi?"

Sada hakuinua uso. "Ningeipelekaje, Mwalimu, na wewe mwenyewe umeandika sifai?"

"Nimeandika wapi?"

"Invaluable. In, si. Value, thamani. Able ndiyo ile -ika yetu. Nimelipasua kama ulivyotufundisha. Asiyethaminika."

Bi Zaina, mama yake, akadakia kutoka upande wa pili wa tuta. "Nilimwambia kaulize. Akasema mwalimu wake hakosei. Nikamwambia, basi huyo si mwalimu, ni malaika."

Shufaa akakaa juu ya tenga lililopinduliwa. Vipande vyote Sada alikuwa amevipata sawasawa.

"Maana yake thamani yako haikadiriki, mwanangu," akasema. "Sikuwa na neno kubwa kuliko hilo."

"Ningejuaje? Kamusi si ulitukataza?"

Shufaa angeweza kumjibu kwamba mdomo wa kuuliza alikuwa nao. Hakujibu hivyo. "Nimekosea mimi. Nisamehe," alisema, mbele ya mama mtu. Baada ya miaka ishirini na miwili ya kufundisha, maneno hayo hayakuwa mepesi kinywani. Lakini mwalimu asiyeweza kuyatamka hafai kushika chaki.

Jumatatu aliweka kamusi juu ya meza ya darasa. "Pasueni kwanza," aliwaambia, "halafu mje mhakikishe hapa." Akawaeleza na sababu, bila kujificha.

Maombi ya chuo yalikuwa yamefungwa wiki iliyotangulia. Kanuni ya Shufaa ilimgharimu Sada mwaka mmoja wa masomo, na miezi miwili ya kuamini kwamba mwalimu aliyempenda hakumwona kitu.